Dada, Niandikie

Jirani, kaa hapo kwenye benchi. Upande huu, ule una msumari. Nikuambie kitu cha bure. Ukiwa na mke mwenye biashara inayokwenda na mdomo unaojua kuuliza, siku ya mkutano wa mtaa mwambie mkutano umeahirishwa. Mwambie kuna mvua. Hata kama ni Dodoma, hata kama ni mwezi wa nane, wewe sema mvua. Wa kwangu alikwenda, na mimi ndiye niliyembebea kiti.

Mgahawa wetu si unaujua, huu hapa Area D. "Wetu" nasema kwa kujipa moyo. Mtaji wake, mapishi yake, kibao cha nje kina jina lake. Mimi naosha masufuria. Najaza jaba maji yakitoka, na maji yenyewe hutoka usiku wa manane, kwa hiyo mimi pia ni mlinzi wa bomba. Mchana nakaa kaunta kulinda vijiti vya meno, maana watu wanachota kwa konzi. Wateja wananiita shemeji. Wote. Mafundi ujenzi, vijana wa boda, watumishi waliotufikia baada ya Magufuli kutangaza Julai 2016 kwamba serikali inahamia huku, mpaka mzee mmoja ambaye angeweza kunizaa. Shemeji, pilipili. Shemeji, feni haizunguki. Shemeji, huyu inzi ni wa kwenu? Jina langu mara ya mwisho kulisikia likitajwa ilikuwa siku ya ndoa, na padri alilikosea.

Biashara ni nzuri, nisimkufuru Mungu. Bunge la bajeti likianza Aprili mji unafurika, vyumba vinapanda bei, wali unaisha saa saba na nusu. Sensa ya 2022 ilitukuta jiji zima watu 765,179. Nakuapia, nusu yao wameshaegemea hii kaunta wakasema maneno mawili tu: dada, niandikie.

Sasa hilo daftari. Kaunta buku la kwaya tatu, gamba jeusi, linalala chini ya mto, upande wa mama watoto. Mtaa mzima umo humo. Ukutani ametundika kile kitambulisho cha mjasiriamali mdogo cha Desemba 2018, kile cha shilingi elfu ishirini, cha wenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka. Wateja walikuwa wanakicheka, eti mgahawa wote huu chini ya milioni nne? Wao wenyewe ndio wanaocheka! Mauzo yangezidi vipi wakati yamelala chini ya mto?

Basi bwana, mkutano. Tulikuwa tunalipa ada ya taka. Stakabadhi tunapata, gari hatulioni. Viroba vinakaa hapo nje, upepo wa huku si unaujua, mifuko inahamia Area C bila nauli. Mama watoto akanyoosha mkono. Hakufoka. Angefoka ningeshukuru, mtu akifoka anaambiwa akae chini na mambo yanaisha. Yeye akapiga hesabu. Kaya ngapi, mara shilingi ngapi, mara miezi mingapi, gari limekuja mara ngapi, baki iko wapi. Kimya. Halafu makofi. Mimi nikapiga kwa nguvu kuliko wote, nikijua ndiyo dua ya kufunga.

Kumbe ndiyo kwanza wamefungua. Kesho yake akaja mama wa vitumbua, ana barua ya kuhamishwa. Keshokutwa mama wa supu, meza yake imebebwa na watu wenye gari. Ilikuwa ile 2021, zoezi la kuwapanga machinga linapita nchi nzima, kila mwenye sufuria barabarani anaulizwa anakwenda wapi. Mama watoto akawakusanya. Akaandika barua, mimi nikaipeleka, nikarudishwa kwa sababu sikuvaa viatu vya kufunika vidole. Akawaundia kikundi, wakaanza kuifukuzia mikopo ya halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Wakajaza makaratasi, wakafungua akaunti, wakachagua mweka hazina asiyecheka hovyo. Aprili 2023 serikali ikaisimamisha mikopo yote nchini ili ipange utaratibu mpya, na ilipokuja kurudi ilikuwa 2024. Muda wote huo kikundi kinakutana wapi? Hapa. Chai ya nani? Usiniulize maswali ya kuniliza.

Ndipo wakaanza kumwita mwanaharakati. Mimi nikadhani ni cheo cha jumuiya ndogondogo. Nikauliza kama kina posho. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na maharage, na maharage hayo bado yamo kwenye daftari.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ukatangazwa, 27 Novemba 2024. Wazee wakaja usiku, mama gombea uenyekiti, sisi tuko nyuma yako. Walikuwa nyuma yake kweli, upande wa jikoni. Mama watoto akasema sawa, lakini sitaki chama, nagombea mwenyewe, na mwiko wangu.

Tuna mteja mmoja, karani mstaafu wa mahakama. Anakula polepole kwa sababu anaongea. Akaweka kijiko chini. Mama, akasema, hilo la mgombea binafsi lina kesi, na kesi yenyewe ni ya hapahapa Dodoma. Mchungaji Christopher Mtikila aliifungua Mahakama Kuu mwaka 1993. Oktoba 1994 Jaji Lugakingira akasema mtu ana haki ya kugombea bila chama. Tukashangilia. Akasema tulieni, kuna chapati? Nikaleta chapati. Bunge likarekebisha Katiba, mlango ukafungwa. Tukahuzunika. Mchungaji akarudi mahakamani, 2006 akashinda tena. Chapati kavu hii, shemeji, hakuna kamchuzi? Nikaleta mchuzi. 2010 Mahakama ya Rufani ikasema jambo hilo ni la Bunge, si la majaji. Mchungaji hakuchoka, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha. Juni 2013 akashinda kwa mara nyingine. Oktoba 2015 akafariki kwa ajali ya gari.

Nikamuuliza, kwa hiyo sasa inaruhusiwa?

Akasema hapana, lazima chama. Dada, niandikie.

Umeona? Mchungaji wa watu kashinda na kushinda, mlango haujafunguka, na gharama za kesi nimelipa mimi. Huyo karani ana kashamba ka zabibu, husema atatulipa msimu wa mavuno. Alileta kweli siku moja. Zabibu za mvinyo, chachu, ukimpa mtoto anakununia wiki nzima.

Basi akaingia chama. Nisikitaje, nina watoto wanasoma. Masharti siyo magumu kwa kuyasoma: uwe raia, miaka ishirini na moja, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, uwe mkazi wa hapo, uwe na kipato halali. Halali anacho, kukikusanya ndiyo kazi. Kukawa na kamati ya usaili. Nikamsindikiza, nikakaa kwenye kiti cha ukutani na faili lake mapajani. Wakamuuliza elimu, akajibu. Biashara, akajibu. Kero za mtaa, akajibu mpaka wakamwomba apumzike. Mwishoni mmoja akanitazama mimi, akamtazama yeye, akauliza: na mwenza wako anafanya shughuli gani?

Mama watoto akafikiri. Tena alifikiri kwa haki kabisa, nikamwona anatafuta. Akasema: "Yupo."

Wakaandika. Wote watatu wakainama wakaandika, na kalamu zilienda muda mrefu. Neno lenyewe herufi nne, jirani. Walikuwa wanaongezea nini?

Sasa njoo kwenye sahani. Karani akatuita pembeni akasema mama, kuanzia leo kila sahani inayotoka humu ni kesi. Akaeleza. Zamani, mwaka 2000, sheria ya uchaguzi iliwekewa kitu kinaitwa takrima, yaani mgombea anaruhusiwa kukirimu watu kwa nia njema, pilau kidogo, soda kidogo, ukarimu wa Kiafrika. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao wakaenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikaifuta. Ukimlisha mpiga kura sasa hivi, hao TAKUKURU hawaulizi nia ilikuwaje. Sisi mgahawa, kazi yetu ni nini? Kulisha. Tunamlisha nani? Wakazi wa mtaa. Wakazi wa mtaa ni nani? Nikaona jasho linanitoka mgongoni.

Mama watoto akaamua: hakuna bure, hakuna nyongeza, hakuna kachumbari ya kirafiki. Anayekopa atie saini, tarehe, na namba ya simu. Afisa mikopo ni mimi. Kwa hiyo jamaa anakula wali nyama, anajifuta mdomo, anasema kwa sauti, shemeji, huyu ndiye mwenyekiti wetu. Nasema asante, saini hapa. Anashtuka. Saini ya nini? Ya wali. Anawageukia wenzake: mmeona? Hawajapata wameanza kuringa. Anasaini kwa hasira, saini ndefu, inavuka mistari mpaka kwenye deni la mwingine. Mwingine naye anakataa deni kwa sababu saini si yake. Na nikimwachia mtu asisaini, ni rushwa. Nikimkatalia kabisa, anatangaza kijiweni kwamba mama kabadilika. Nilikuwa nakaa hapo kaunta nimeshika kalamu, natamani watu wasile.

Kuna kijana wa boda, msomi, ana bando muda wote. Akanionyesha kwenye simu mambo ya Kenya. Kuna Boniface Mwangi, mpiga picha, mwanaharakati, mwaka 2017 aligombea ubunge Starehe, Nairobi, kwa chama walichokianzisha, Ukweli Party. Akasema hagawi hela. Watu wanamfuata wanadai, yeye anawaambia sigawi. Akashindwa, kiti akachukua mwanamuziki Jaguar. Ametengenezewa na filamu, inaitwa Softie, ya 2020. Kijana ananieleza mambo ya demokrasia, mimi macho yangu yako kwa mke wa mgombea. Njeri, mama wa watu, yuko nyumbani na watoto, mume yuko barabarani na spika. Vitisho vilipozidi akaenda na watoto Marekani. Nikasema huyo dada ndiye mwenzangu. Tofauti yetu, mimi sina wa kunitisha zaidi ya muuza mchele, na nikikimbia nitafika Bahi.

Kampeni ya ndani ya chama tulizunguka nyumba kwa nyumba. Yeye mbele na kitenge cha heshima, mimi nyuma na mwavuli, mkoba, chupa ya maji na daftari, maana alikataa liachwe. Nikaambiwa nichangamke, nisalimie watu kwa lugha ya wenyeji. Nikamwamkia bibi mmoja "mbukwenyi" kwa madaha yote, akanijibu yeye ni wa Rombo. Nyumba inayofuata wakamkaribisha mama watoto sebuleni, mimi nikaelekezwa kibanda cha getini, nikae na mlinzi mwenzangu. Nikakaa. Alikuwa mtu mwema, ana redio. Tukasikiliza mpira mpaka nikasahau nimekuja na nani.

Na kila nyumba tuliyoingia, jirani, nikawa naona kitu kimoja. Watu wakimwona mama watoto wanafurahi kweli. Wakishusha macho wakaliona lile gamba jeusi kwapani kwangu, furaha inapungua. Mwanamume mmoja alituitikia tukiwa getini, karibuni karibuni, tulipofika mlangoni mkewe akasema amesafiri.

Ikafika kura za maoni. Chama kikahitaji mabenchi, kikaazima ya kwetu. Kikahitaji chakula cha wasimamizi, kikaagiza kwetu, na aliyekuja kuchukua mahotipoti akasema chama kimesema mtuandikie. Mimi nimevaa shati la harusi, nimepanga foleni kumpigia mke wangu kura. Nafika mezani, kadi yangu wanaigeuza, wanaigeuza. Ada hujalipa. Tangu lini? Akanionyesha. Kwenye picha ile nilikuwa bado na nywele. Nikatolewa, nikaenda kukaa nje kulinda mabenchi yasibebwe. Hata hivyo kura yangu isingemwokoa. Unaukumbuka ule msemo uliovuma 2020 baada ya kura za maoni, kwamba wajumbe si watu wazuri? Mimi nilikuwa nawatetea. Nilikuwa nasema wana njaa tu.

Akapata mzee mstaafu. Mtu mpole, mikutano yote anakaa kiti cha nyuma, hajawahi kuuliza hata saa. Mama watoto akawa wa pili, kwa mbali.

Nilidhani atalia, nikaweka leso karibu. Hakulia. Usiku akawasha taa, akatoa daftari, akachukua kalamu nyekundu, akaanza kukumbuka nani alikaa benchi gani, nani alikwepa macho. Anaweka vema. Ukurasa huu vema, vema, vema. Saa nane za usiku akafunga akaniambia: mwenye deni hawezi kumpa muhuri anayemdai.

Nikauliza muhuri gani. Akanieleza taratibu, kwa huruma. Mwenyekiti wa mtaa ndiye anayeandika barua ya utambulisho. Unataka kufungua akaunti benki, unakwenda kwake. Unataka kumdhamini mtoto polisi, kwake. Kibali cha sherehe ya kipaimara, kwake. Sasa jiweke wewe una deni la wali la mwaka mzima, unamkuta yeye mezani, mkono huu muhuri, mkono huu daftari. Utampa kura? Nikafikiri. Nikasema mimi ningempa. Akanitazama, akazima taa.

Tarehe 27 Novemba yenyewe ikapita. Chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 98 ya mitaa yote nchini, mzee mstaafu akaapishwa, mimi nikaosha masufuria ya sherehe yake. Na wateja hawakuchelewa kurudi. Wanaingia na sura za msibani, wanamshika mkono. Dada, pole sana. Dada, wamekufanyia vibaya. Dada, hata mimi nilishangaa. Dada, niandikie.

Kero nazo zikarudi palepale. Bomba limepasuka, wanakuja hapa. Mtoto kafukuzwa shule, hapa. Kwa mwenyekiti hawaendi, wanasema yule mzee mpole, hatutaki kumsumbua. Kwa hiyo sasa tuna kazi ya uenyekiti bila uenyekiti, na chai iko palepale. Yeye amehamia kwenye hesabu kubwa. Juzi nimemkuta amechora kata zote 41 za jiji nyuma ya kalenda, kwa sababu kila kata ina diwani wake, na madiwani ndio wanaochaguana kupata meya. Uchaguzi wa 2025 tuliuruka, mtaji ulikuwa haujarudi. Anasema 2030. Nikamuuliza udiwani au umeya? Akaniambia nisugue ile sufuria ya maharage, imeungua chini.

Mwezi uliopita mwenyekiti akaitisha mkutano wa mapato na matumizi. Mama watoto akavaa kitenge, akachukua daftari akaliweka kwapani, tukatoka. Sijui nani alipeleka habari. Kuna watu walishaaminishana kwamba anakwenda kulisoma hadharani, jina kwa jina. Tukafika, viwanja vyeupe. Mwenyekiti, mtendaji wa mtaa, sisi wawili, na mbuzi wa mtu. Tukasubiri mpaka jua likaenda zake. Akidi haikutimia. Mtendaji akaandika kwamba wananchi hawakuwa na hoja.

Wakati wa kukunja viti mwenyekiti akanivuta pembeni, akaninong'oneza. Shemeji, nitapita jioni, supu na chapati mbili, mwambie aniandikie, posho zimechelewa.

Akapita. Akala, akasifu. Mama watoto akatoka jikoni akijifuta mikono, akafungua ukurasa mpya, akaandika supu, chapati mbili, tarehe. Mzee akachukua kalamu atie saini. Akaambiwa hapana mwenyekiti, kwako saini haitoshi, ofisi yako ina muhuri. Mzee akacheka. Mama watoto hakucheka. Mzee akaingiza mkono mfukoni, kumbe anatembea nao, akaupulizia pumzi, akagonga.

Sasa tuna daftari lenye muhuri wa serikali ya mtaa. Tangu siku hiyo watu wameanza kulipa, wengine hata hawajaombwa, karani ameleta fedha taslimu badala ya zabibu. Mama watoto amefurahi, jana akakaa kupitia kurasa zilizobaki, mojamoja. Amefika ya kwangu. Sikujua nina ukurasa. Chai, maandazi mawili, vocha, ada ya chama aliyonilipia, vijiti vya meno. Nimeambiwa kesho asubuhi, kabla sijanywa chochote, niende kwa mwenyekiti nikagongewe.